Thrii fezi: ukizima meni swichi, nyutro nayo ikatwe au iachwe?

Saketi_Wazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nina kazi ya karakana: mota kadhaa za thrii fezi, mashine ya kuchomelea, halafu taa na soketi za kawaida zimegawanywa kwenye fezi zote tatu. Meni swichi niliyoikuta ni ya poli tatu, yaani inakata nyaya tatu za fezi kwa pamoja. Nyutro inapita moja kwa moja mpaka kwenye basba yake (ubapa wa shaba unaokusanya nyaya), haikatwi popote.

Mkaguzi kaja, kaangalia, kaandika: weka poli nne. Anasema kutenga umeme ni kukata nyaya zote hai, na nyutro imo. Bosi wangu naye anasema nyutro haikatwi kamwe, na akiletewa poli nne ataifunga linki ile poli ya nne, yaani ataiunga moja kwa moja isikatwe. Wote wawili ni wakongwe na wote wanaongea kama wameapishwa. Nani yuko sahihi? Naomba sababu, sio "sisi tumezoea hivi".

FeziYaPili

Nyutro haina moto mkuu. Weka testa ya bisibisi, haiwaki. Sasa unataka ukate nini? Poli tatu inatosha, mkaguzi anatafuta cha kuandika tu.

MzeeWaPaneli

FeziYaPili kijana wangu, nyutro haina moto kwa masharti mawili. Iwe imefungwa ardhini kisawasawa, na ardhi hiyo iwe ndiyo hiyo unayoishika wewe. Likikosekana moja, hiyo ni waya kama fezi nyingine yoyote. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za IEC 60364 zinaihesabu nyutro kuwa waya hai, hata kama bisibisi yako imelala usingizi.

Mtoa mada, swali lako halijibiki mpaka useme ethi (waya wa ardhini) ya jengo inatoka wapi. Mkaguzi na bosi wako wanabishana juu ya idadi ya poli wakati jibu liko nje ya paneli.

Nyutro inazaliwa kwenye kitovu cha stari ya transfoma, pale koili za fezi tatu zinapokutana, na kwa kawaida inashikizwa ardhini palepale. Baada ya hapo njia zinaachana. Kwenye TN-S, kampuni ya umeme inakuletea nyutro na ethi zikiwa mbalimbali, lakini zote mbili zinatoka kwenye kitovu kimoja. Kwenye TN-C-S, waya mmoja unafanya kazi zote mbili njiani (huo ndio PEN) halafu unagawanywa mlangoni kwako. Kwenye TT unaletewa fezi na nyutro tu, na ethi unajichimbia mwenyewe kwa rodi. IT ni ya pekee: kitovu hakijafungwa ardhini, au kimefungwa kupitia ukinzani mkubwa sana. Utaikuta vyumba vya upasuaji na baadhi ya viwanda visivyotaka kusimama kwa hitilafu ya kwanza.

Sasa chukua TT. Fezi ya laini imekatika huko mbali, imelala chini. Tuseme ukinzani wa pale ilipogusa ni omu 10 na ethi ya transfoma nayo ni omu 10. Volti 230 zinagawana nusu kwa nusu, kwa hiyo nyutro ya mtandao mzima inapanda mpaka karibu volti 115 juu ya ardhi. Mkondo ni ampea 11.5 tu, fyuzi ya laini haitikisiki, na hali hiyo inaweza kukaa muda mrefu. Wewe umezima poli tatu, umefungua soketi, umeshika nyutro na mguu uko kwenye sakafu ya zege. Hizo 115 zinapita kwako.

Hitilafu ileile kwenye TN-S au TN-C-S inapandisha nyutro vilevile, ila mwili wa paneli na kila chuma kilichofungwa ethi vinapanda nayo, kwa sababu vimeungwa pamoja nyuma yako. Ukisimama ndani ya jengo lililofungwa vizuri, kati ya nyutro na chuma unachokishika hakuna tofauti ya maana. Kwa hiyo kanuni inaruhusu nyutro isikatwe kwenye TN-S, ilimradi hali ya ugavi inaifanya nyutro iaminike kuwa kwenye volti ya ardhi. Waingereza kwenye kanuni yao ya BS 7671 wanaruhusu hivyohivyo kwa TN-S na TN-C-S. Kwenye TT na IT hakuna ruhusa hiyo, unakata zote nne.

Na PEN haikatwi, haiwekewi swichi, haiwekewi fyuzi. Hapo bosi wako yuko sahihi kwa asilimia zote, kama ndiyo aliyokuwa anaifikiria.

FeziYaPili

Mzee, kwa hiyo bisibisi yangu haina kazi?

MzeeWaPaneli

Ina kazi ya kufungulia skrubu.

Saketi_Wazi

Asante mzee. Nitajuaje ni ipi kati ya hizo? Nje naona nyaya nne zinaingia kutoka kwenye nguzo, halafu kuna rodi ukutani ina waya wa kijani na njano unaoingia kwenye paneli.

BintiUmeme

Shikamoo mzee, naomba nimjibu huyu.

Nyaya nne pamoja na rodi havitoshi kukupa jibu. TN-C-S nyingi nazo zina rodi. Angalia pale umeme unapoingia, upande wa mita: kuna kiungo kati ya nyutro na ethi ya jengo? Kikiwepo, unaelekea TN-C-S. Usipokiona, usihukumu kwa macho, pima ukinzani wa mzunguko wa ethi pale mlangoni. Kwenye TN (iwe TN-S au TN-C-S) utapata namba ndogo, chini ya omu moja. Uingereza wenyewe kiwango cha juu ambacho wagavi hutaja ni omu 0.8 kwa TN-S na 0.35 kwa TN-C-S. Ukiona makumi ya omu, hiyo ni rodi peke yake inayojibu. Halafu waulize kampuni ya umeme wathibitishe, wao ndio wanaojua walichokifunga.

MzeeWaPaneli

Marahaba binti. Umenipunguzia kuandika.

KlampuMita

Ngoja nimtetee bosi wa mtoa mada kidogo, maana hapa anaonekana kama hajui kitu. Watu wanaoogopa kukata nyutro wana sababu nzito: kila mguso unaoweza kuifungua nyutro kwa mkono unaweza pia kuifungua wenyewe. Skrubu ikilegea, mguso ukiungua, poli ya nne ikawa imekufa huku zile tatu ziko hai. Hapo ndipo televisheni zinapolipuka.

Piga hesabu. Fezi ya kwanza ina hita ya wati 2000, sawa na omu 26.5 kwa volti 230. Fezi ya pili ina kifaa cha wati 100, omu 529. Fezi ya tatu haina mzigo. Nyutro ikikatika, hivyo viwili vinabaki vimeungwa mfululizo kati ya fezi mbili, yaani kwenye volti 400. Mkondo unakuwa ampea 0.72. Hita inapata volti 19, haipashi hata moto. Kile kifaa kidogo kinapata volti 381, na kama ukinzani wake haubadiliki kinakula wati 274 badala ya 100. Hakikai dakika nyingi.

Mbaya zaidi, breka haioni chochote. Ampea 0.72! Haina sababu ya kuruka.

Mota za karakana hazitasikia kitu, zenyewe zinajisawazisha. Watakaolia ni wa taa na soketi.

Nati_na_Bolti

Nakazia. Nimewahi kuitwa kwenye jengo moja la ofisi, kompyuta za upande mmoja zote zimekufa asubuhi moja. Kisa ni poli ya nyutro kwenye aisoleta (swichi ya kutenga umeme) ya kati, skrubu haikukazwa, plastiki imeyeyuka mpaka nyuma. Poli za fezi safi kabisa. Tangu hapo sina raha na poli nne za bei chee.

BintiUmeme

Hiyo ni hoja ya kununua swichi nzuri na kuikaza, sio hoja ya kuacha nyutro hai kwenye TT. Mtu kufa na televisheni kuungua havipimwi kwenye mizani moja.

Ila kuna kanuni inayozaliwa na hesabu ya KlampuMita, na naona wengi wanairuka: nyutro haikatwi peke yake. Hakuna swichi ya poli moja kwenye nyutro, hakuna fyuzi kwenye nyutro ya peke yake. Ikikatwa, ikatwe na swichi ileile inayokata fezi zote, na isitangulie. Wakati wa kuzima, nyutro ifunguke pamoja na fezi au baada yake. Wakati wa kuwasha, ifunge pamoja nazo au kabla. Swichi za poli nne zinazofuata viwango zinatengenezwa hivyo, na mara nyingi poli ya nyutro imeandikwa N. Usiingize fezi kwenye poli ya N eti kwa sababu waya ulifika huko kirahisi.

FeziYaPili

Hapo kwenye poli ya N umenigusa. Kumbe ina maana? Mimi najua ni herufi tu ya kukuonyesha waya wa bluu uende wapi.

BintiUmeme

Ina maana kaka. Na hata huo "waya wa bluu" uuangalie mara mbili. Mitambo iliyofungwa kwa rangi za zamani za Kiingereza ina nyekundu, njano na bluu kwa fezi, nyutro ni nyeusi. Rangi mpya ni kahawia, nyeusi na kijivu kwa fezi, nyutro ni bluu. Waingereza waliruhusu mpya mwaka 2004 na kuzilazimisha 2006. Kwa hiyo kwenye jengo la umri fulani, bluu ni fezi ya tatu na nyeusi ni nyutro, na mtu aliyeongeza paneli baadaye ametumia kinyume chake. Pima, usiamini rangi.

JeniSeti

Mnazungumzia meni swichi, mimi naona hili likiuma zaidi kwenye chenjiova ya jenereta, ile swichi ya kuhama kati ya umeme wa kampuni na jenereta. Mtu anaweka ya poli tatu, nyutro ya kampuni ya umeme na nyutro ya jenereta zinabaki zimeungwa muda wote. Kitovu cha jenereta kikiwa kimefungwa ethi pale kwenye jenereta, sasa nyutro ina njia mbili za kurudi. Sehemu ya mkondo wa mzigo inapita ardhini na kwenye vyuma, RCD (vifaa vinavyokata umeme mkondo ukivuja kwenda ardhini) zinaruka bila sababu inayoonekana, fundi anabadilisha RCD tatu na tatizo liko palepale.

Halafu kuna wale jamaa wa laini. Wamekata laini yao, wanafanya kazi, nyutro yao imeunganishwa na jenereta yako. Ukipata hitilafu ya ethi kwako, nyutro yao inaweza kupanda.

Poli nne inaondoa yote hayo, ila kuna mtego: ukiitenga nyutro ya jenereta na ile ya kampuni, lazima nyutro ya jenereta iwe na kifungo chake na ethi. Wengi wanaweka poli nne wanasahau hilo. Jenereta inaelea, fezi ikigusa chuma mkondo hauna njia ya kurudi kwenye kitovu, RCD inakaa kimya. Wanaona utulivu wanadhani ni usalama.

Saketi_Wazi

Wakuu nimerudi na majibu. Hakuna kiungo kati ya nyutro na ethi upande wa mita. Nimepima mzunguko wa ethi mlangoni, omu 38. Na kampuni ya umeme wamethibitisha kwamba hawatoi ethi kwa mteja, kila mtu na rodi yake.

MzeeWaPaneli

Basi hiyo ni TT na mjadala wa jengo lako umekwisha: poli nne, mkaguzi kashinda. Bosi wako aliishi zaidi kwenye majengo ya TN, ndiyo maana anasema anachosema.

Na kwa omu 38 usinisahaulie jambo jingine. Fezi ikigusa chuma, mkondo ni 230 gawanya kwa 38, kama ampea 6. Hakuna breka ya ampea 32 wala 63 itakayoruka kwa hizo. Bila RCD hilo jengo halina ulinzi wa ethi. Ipo?

Saketi_Wazi

Ipo, ya poli nne, miliampea 300 mwanzoni, halafu za 30 kwenye soketi.

KlampuMita

Vizuri. Na hapo unaipata faida nyingine ya kukata nyutro ambayo haina uhusiano na kupigwa shoti. Fundi anazima breka ya poli moja ya soketi, anafungua, koleo linagusanisha nyutro na ethi. Fezi haipo kabisa, lakini mkondo wa mizigo mingine unapata njia ya pembeni kupitia ethi, RCD inaruka, jengo zima giza na mota zinasimama katikati ya kazi. Watu wanadhani ni uchawi.

Vilevile hitilafu ya nyutro na ethi huwezi kuitenga kwa kuzima breka ya poli moja. RCD inaendelea kuruka hata saketi yenyewe "imezimwa". Ukikata poli zote unaibaini saketi mbovu mara moja. Wafaransa kwao breka za saketi za majumbani zinakata fezi na nyutro pamoja, kwa kanuni yao ya NF C 15-100, wakati Waingereza poli moja ni kawaida kwenye bodi. Nimefanya kazi na aina zote mbili, na kutafuta hitilafu kwenye bodi ya Kifaransa ni raha.

Nati_na_Bolti

Ongezea kipimo cha uhami. Volti 500 za DC, unataka angalau megaomu 1. Kati ya nyutro na ethi huwezi kupima huku nyutro imeungana na transfoma, utasoma ethi ya transfoma tu. Poli nne inakufungulia kwa mkono mmoja. Kwenye poli tatu ndiyo maana panatakiwa kiungo cha nyutro kinachofunguka kwa kifaa tu, mahali panapofikika. Bosi mwenye poli tatu bila hicho kiungo hata kwenye TN ana deni.

FeziYaPili

Sawa nimekubali TT. Lakini kwenye poli tatu na TN mnasema ni salama, basi pale ninaweza kuvua nyutro kwenye basba bila wasiwasi?

MzeeWaPaneli

Hapana! Hiyo ni habari nyingine kabisa. Nyutro iliyofungwa ardhini ni salama ikiwa imeungwa. Ukiivua, ule upande uliobaki unaning'inia kuelekea kwenye mzigo hauna tena ardhi. Kama kuna saketi nyingine iliyoazima nyutro hiyo, na majengo yaliyofanyiwa nyongeza nyongeza yamejaa hayo, ncha unayoishika inapanda mpaka volti 230 kupitia taa ya mtu chumba cha pili. Breka yako umezima, umepima fezi haipo, na bado umepigwa. Kabla ya kuvua nyutro yoyote, zungusha klampu mita. Ikisoma mkondo wakati saketi yake imezimwa, usiiguse mpaka umjue mwenyewe.

Na kupima kukatika kwa umeme kwenye thrii fezi sio mara tatu. Fezi kwa fezi mara tatu, fezi na nyutro mara tatu, fezi na ethi mara tatu, halafu nyutro na ethi. Vipimo 10, kwa kipimo cha ncha mbili, na kipimo chenyewe ukithibitishe kwenye chanzo kinachojulikana kabla na baada. Hicho cha 10 ndicho kila mtu anakiruka, na ndicho kinachohusu uzi huu. Swichi ikishazimwa piga kufuli, ufunguo mfukoni mwako.

JeniSeti

Kabla hujanunua: karakana yako ina taa za LED nyingi au invata za fezi moja? Hamoniki za tatu (mikondo yenye masafa mara tatu ya umeme wa kawaida) kutoka fezi zote tatu hazifutani kwenye nyutro, zinajumlishana. Kwa nadharia nyutro inaweza kufika mara 1.73 ya mkondo wa fezi. Hakikisha poli ya nyutro ni ya ukubwa kamili. Zipo breka za poli nne ambazo nyutro imewekewa ulinzi wa nusu ya fezi, hizo hapo zitakusumbua.

Saketi_Wazi

Taa zote LED. Nitachukua ya nyutro kamili. Swali la mwisho: zile aisoleta ndogo zilizo kando ya kila mota ni za poli tatu. Nazo nibadilishe?

MzeeWaPaneli

Mota yenyewe haina nyutro, kwa hiyo poli tatu inakata kila kinachoifikia. Acha. Ila fungua boksi la kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota) uangalie koili yake inalishwa na nini. Kama ni volti 230 kati ya fezi na nyutro, na waya huo umetoka kwenye bodi badala ya kutoka chini ya aisoleta, basi ukizima aisoleta mota imekufa lakini boksi bado lina fezi na nyutro ndani. Hapo ama uhamishe chanzo cha koili kije chini ya aisoleta, na nyutro yake ikatwe pamoja, ama uweke mguso wa ziada kwenye aisoleta unaokata saketi ya koili, pamoja na onyo kwenye mfuniko.

Saketi_Wazi

Mbili kati yake ndivyo zilivyo, zinalishwa kutoka kwenye bodi. Nashukuru sana wakuu. Bosi nimemwonyesha uzi, kasema "TT sawa", akauliza kama linki yake bado inahitajika.

BintiUmeme

Haihitajiki, itoe kabisa, maana ikibaki sambamba na poli ya nne utakuwa umezima swichi na nyutro imepita pembeni. Skrubu ya nyutro kaza kwa nguvu ileile iliyoandikwa ubavuni mwa swichi, sawa na za fezi. Ukirudisha umeme, anza na breka zote za saketi zikiwa chini, upime fezi na nyutro kwa kila fezi. Zikisoma karibu sawa zote tatu, pandisha mzigo wa fezi moja upime tena kabla ya kugusa soketi nyingine, kwa sababu nyutro iliyolegea haijionyeshi mpaka ibebe mkondo.